Deni la Mfuko wa SA

(Mazungumzo ya bwana shamba mstaafu na wakulima wa mahindi, maharage na viazi, mkoani Njombe, mwezi Septemba, mvua zikiwa bado wiki kadhaa.)

Kamwene!

Asanteni. Mara ya kwanza kusalimiwa hivyo niligeuka nyuma kutazama Kamwene ni nani. Nilidhani ni jina la mtu.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Mtendaji, wazee wangu mliokaa kivulini, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kama mnaosubiri gari. Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie afya ya udongo. Hilo ni jambo pana mno kwa mtu aliyestaafu. Nitazungumzia mfuko mmoja tu, mfuko wa SA, ile mbolea ya salfeti ya amonia, kwa sababu mimi na mfuko huo tuna kesi, na baadhi yenu mna kesi na mimi.

Nilifika huku mwaka 1981, kijana mwenye baiskeli ya serikali, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Nchi nzima ilikuwa inaitazama mikoa yetu ya nyanda za juu impe unga. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kinafanya kazi, na SA ikitoka kule inapanda milima hadi huku. Kazi yangu ilikuwa rahisi kueleza: panda kwa mstari, tumia mbegu bora, weka mbolea ya kupandia, kisha SA ya kukuzia mahindi yakifika magotini. Mzee akibisha, namwekea mistari minne ya mfano shambani kwake, bila maneno mengi. Aprili anakuja mwenyewe kunitafuta ofisini.

Na kweli watu walivuna. Waliokuwa wakihesabu magunia kwa vidole vya mkono mmoja walianza kuazima maturubai kwa jirani. Sitaki leo mtu aondoke hapa akisema bwana shamba kaikana mbolea. Mbolea ilijenga nyumba za bati katika vijiji hivi na ikasomesha watoto.

Lakini chuoni nilifundishwa kitu kingine pia. Kilikuwa kipindi kimoja, mchana, baada ya ugali, nusu ya darasa limesinzia. Mwalimu alisema SA inachachua udongo, na anayeitumia miaka mingi hana budi kuifuatilia kwa chokaa. Nikaandika daftarini. Kwenye mtihani swali lilikuja, nikalijibu, nikapata. Nilipofika kazini, lori lilileta SA. Chokaa halikuleta, wala mimi sikuuliza iko wapi. Miaka mitatu baadaye nilikuwa nimeshaisahau. Niliwafundisha wazazi wenu nusu ya somo, na nusu nyingine ikabaki kwenye daftari ambalo panya wamelila.

Sasa tupige hesabu, maana huku watu wanajua hesabu kuliko mjini. Mfuko wa SA wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 21, yaani kilo kumi na nusu. Naitrojeni hiyo imo katika umbo la amonia. Ikifika ardhini, vijidudu wa udongo huigeuza kuwa naitreti, ambayo ndiyo mhindi huila zaidi, na katika kuigeuza huko tindikali inabaki nyuma. Hesabu ya vitabuni ni kwamba kuizima tindikali ya mfuko huo mmoja unahitaji kama kilo 55 za chokaa safi. Mfuko kwa mfuko, na nyongeza juu. Mtu anayetia mifuko miwili kwa ekari kila mwaka, kwa miaka thelathini, amekopa zaidi ya tani tatu za chokaa kwenye kila ekari yake. Wengine hapa mmekopa miaka arobaini. Benki gani inamwacha mtu miaka arobaini bila kumgongea mlango?

Mbolea ya urea nayo inachachua, DAP ya kupandia nayo, ila kwa kila kilo ya naitrojeni SA inaziacha mbali. Mbolea ya CAN ina chokaa kidogo ndani yake tangu kiwandani, kwa hiyo madhara yake ni madogo. Na tusiitwishe mbolea mzigo wote. Mvua zetu za Novemba hadi Mei zinayeyusha kalsiamu na magnesiamu na kuzishusha chini, mizizi isikofika. Nyingine zinaingia mto Ruhuji na kwenda zao hadi Rufiji, watu wa bondeni wanufaike. Mavuno nayo yanabeba. Unakoboa, unauza Makambako, mabua unampa ng'ombe wa jirani. Kila gunia linalopanda gari limebeba kipande cha shamba lako, na wewe unalipungia mkono.

Udongo unachacha kama uji unavyochacha, tofauti ni kwamba uji ukichacha unausikia kwa ulimi. Udongo hauna harufu wala haubadili rangi. Ndiyo maana wengi wenu mnakuja kwa bwana shamba wa kata mkiwa na hasira: mbolea ya ruzuku ni feki! Mbolea feki ipo, simtetei mtu. Ila mara nyingi nimeitwa shambani, nikakuta mbolea ni halali kabisa na mahindi yako magotini mwezi wa pili, ya njano, yamedumaa. Ukilishika lile shina na kuling'oa, jibu liko chini.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Nani ana sufuria nyumbani? Naona mmecheka. Basi madini ya sufuria, alumini, ndiyo yamejaa kwenye mfinyanzi wa mashamba yenu. Yapo siku zote. Uchachu hupimwa kwa namba iitwayo pH, na namba ikishuka uchachu umezidi. Kwenye udongo wenye pH ya 5.5 kwenda juu, alumini hiyo imelala, haimsumbui mtu. Udongo ukishuka chini ya hapo inaanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo, na chini ya 5 inayeyuka kwa wingi. Inapokutana na ncha ya mzizi, ncha inaacha kurefuka. Ng'oa mhindi wa shamba lililochacha uone: mizizi mifupi, minene, ya kahawia, kama ncha zake zimepitiwa na wembe, na vile vinyweleo vya kunyonya maji ni vichache. Mwezi Februari mvua ikikatika siku kumi, mhindi huo unanyauka wakati futi moja na nusu chini yake kuna unyevu wa kutosha. Mkulima anasema ukame. Ni ukame wa mizizi. Maji yapo, mkono haufiki.

Hiyo ni moja. Ya pili inauma zaidi kwa sababu inagusa mfuko wa fedha. Alumini hiyo na chuma chenye kutu, ambacho ndicho kinafanya udongo wetu uwe mwekundu, vinaipenda sana fosforasi, chakula kingine cha mhindi. Ukitia DAP, fosforasi yake inakamatwa kabla mhindi haujaionja. Imo shambani, ukipima utaikuta, ila imefungiwa. Ni kama kibubu ulichojaza sarafu kisha ukakosa ujasiri wa kukivunja. Mhindi unaonyesha zambarau pembeni mwa majani. Lakini hapo mnielewe: baridi ya huku Njombe nayo huleta zambarau kwenye miche, ikapotea jua likizidi. Usione zambarau ukakimbilia kununua chokaa.

Maharage ni shahidi mzuri zaidi. Chimbua shina la haragwe likiwa linatoa maua, taratibu, usilivute. Mizizini kuna vinundu. Kipasue kwa ukucha. Kikiwa cha rangi ya waridi ndani kama nyama mbichi, bakteria wamo kazini wanakutengenezea naitrojeni ya bure. Kikiwa cheupe au kijani, au vinundu vyenyewe ni vya kutafuta kwa tochi, kuna jambo, na kwenye mashamba haya jambo hilo mara nyingi ni uchachu. Mama anayelima maharage kwenye udongo wa pH 4.8 anamlisha kibarua aliyelala.

Hiki kipimo cha pH ninachokitaja kinaanzia 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Mahindi yanapenda 5.5 hadi 7. Kinachowachanganya watu ni hatua zake. Kutoka 6 kwenda 5 uchachu unazidi mara kumi, na kutoka 6 kwenda 4 ni mara mia. Kwa hiyo mtu akikwambia shamba lako limepungua "pointi moja tu", mwulize kama na yeye angekubali deni lake lizidishwe mara kumi tu.

Asidhani mtu kwamba haya yametupata sisi kwa sababu ya umaskini wetu. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna uwanja wa nyasi ambao umekuwa ukifanyiwa majaribio tangu mwaka 1856. Vipande vingine vilitiwa SA mwaka hadi mwaka bila chokaa. Udongo wake ulishuka hadi chini ya pH 4, na mahali palipokuwa na aina nyingi za majani na maua zikabaki aina chache za nyasi. Ni mfuko uleule, na hapo mkulima alikuwa na maabara mlangoni. Na Wabrazili walikuwa na nyika kubwa inaitwa Cerrado, udongo wake mwekundu uliochacha kama huu, watu wakisema haifai kitu ila ng'ombe wachache. Waliitia chokaa na fosforasi, na leo inalima soya ya kuuza dunia nzima. Mwaka 2006 watu watatu waliohusika na kazi hiyo walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Sisemi tufyeke nyika zetu. Nasema udongo wa aina hii unarudi.

Kabla ya SA, je? Wazee hapa wanajua. Mtu alikata msitu, akachoma, akalima ulezi miaka miwili mitatu, akahama. Wataalamu wa kikoloni waliwaita waharibifu, na sisi mabwana shamba wa baada ya uhuru tukaendelea na wimbo uleule. Kumbe jivu lile lilikuwa chokaa yao. Jivu la kuni lina kalsiamu na potasiamu, linapunguza tindikali kweli, na mazao yalipoanza kupungua miaka mitatu baadaye ni kwa sababu mvua ilikuwa imeshaliosha. Kilichowashinda hakikuwa ujinga. Watu waliongezeka, msitu wa kuhamia ukaisha.

Mimi ni mtu wa Bukoba, na kwetu jambo hili liko wazi kama mchana. Kuna kibanja, pale nyumbani, penye migomba na kahawa, udongo mweusi unaokubali kila kitu. Hatua chache tu nje ya kibanja kuna rweya, mbuga ya nyasi, ambako mvua ya ziwa imeosha udongo hadi umebaki mifupa. Bibi yangu alipanda njugu mawe huko, na zaidi ya hapo alikwenda kukata nyasi, akazibeba kichwani kuja kuzitandika kwenye migomba. Kinyesi cha ng'ombe waliokula rweya kikaingia kibanjani, jivu la jikoni likaingia kibanjani, maganda ya ndizi yakaingia kibanjani. Vizazi na vizazi. Nilipokuwa mtoto nilidhani Mungu aliumba udongo wa aina mbili, kumbe mmoja ulitengenezwa na akina bibi. Samadi na majani yaliyooza hufanya jambo moja ambalo chokaa haifanyi: huishika alumini na kuifunga isimguse mzizi, na kulisha wakati huohuo. Ndiyo maana hata hapa, kibustani cha nyuma ya nyumba, penye majivu na takataka, kinastawi kuliko shamba lenye SA ya gari zima.

Mtaniuliza, basi si tutumie majivu? Tumieni. Kwenye bustani ya mboga yanatosha. Kwa ekari ya mahindi mtahitaji kuchoma kijiji.

Chokaa yenyewe si kitu kigeni katika nchi hii. Watu wa pwani wamechoma matumbawe kwenye tanuu kwa karne nyingi wakajengea misikiti na majumba ya Kilwa, na mabibi wa Unguja wanaipaka kwenye tambuu. Sisi wa bara tunaifahamu kwa kupaka ukuta wakati wa Krismasi. Ile ya kupaka nyumba, iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, inafaa shambani pia, na kiasi chake ni kidogo: kilo 74 zake zinafanya kazi ya kilo 100 za jiwe lililosagwa. Lakini inaunguza ngozi na macho, na bei yake ni ya ujenzi. Ya kilimo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, halikuchomwa. Aina nyingine ni dolomiti, ambayo ina magnesiamu pamoja na kalsiamu. Kwa mashamba ambayo mvua imeyaosha kama haya, mimi nikiwa na chaguo ningechukua dolomiti.

Jambo ambalo nimeona linawaliza watu: jasi. Nchi yetu ina jasi nyingi, Itigi iko, Makanya iko, ni nyeupe, ni unga, na kuna wafanyabiashara wataiita chokaa. Jasi ina kalsiamu lakini haipunguzi uchachu. Chukua unga unaouziwa, weka kwenye kisahani, dondoshea ndimu au siki. Jiwe la chokaa litatoa povu na kuchemka, dolomiti itachemka polepole. Jasi itakutazama tu. Kisha usugue kati ya vidole. Chokaa ya kilimo iwe laini kama unga wa sembe, iliyo kama chenga za mchele ni mawe, utaikuta shambani bado ni mawe mjukuu wako akioa. Jiwe la chokaa haliyeyuki upesi, kwa hiyo ulaini ndio nusu ya thamani yake. Nendeni dukani na chekecheo la unga, msione aibu.

Lakini kwanza pimeni. Hapa nitakuwa mkali. Asinunue mtu hata mfuko mmoja kwa sababu jirani kanunua. Chokaa ikizidi, zinki na boroni zinajificha, na mahindi yanakuwa na michirizi myeupe ambayo hujawahi kuiona. Viazi ndivyo hatari zaidi, na Njombe ni viazi: ukipandisha pH sana, ngozi ya kiazi inatoka magamba kama ukurutu, na mnunuzi wa Dar es Salaam anakiacha barabarani. Viazi viridhike na 5 na kitu hadi 6. Chai usiiguse kabisa, chai inapenda uchachu. Parachichi tutalizungumza siku nyingine maana hilo lina wanasiasa wake.

Sampuli inachukuliwa hivi. Ndoo ya plastiki safi, jembe, mfuko safi ambao haujawahi kubeba mbolea. Tembea shambani kwa kupindapinda kama mlevi, chimba mahali kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20, chukua kipande chembamba cha ukuta wa shimo. Ruka kichuguu, ruka palipolala ng'ombe, ruka chini ya mti na palipochomwa mabua. Changanya vyote, toa nusu kilo, andika jina lako na la shamba kwa kalamu isiyofutika. Maabara ziko kwenye vituo vya utafiti wa kilimo, TARI Uyole pale Mbeya, TARI Mlingano kule Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Ukipata majibu usiishie kusoma pH peke yake. Uliza mahitaji ya chokaa. Udongo wa kichanga wenye pH 5 unatulizwa na kiasi kidogo, ule wa mfinyanzi wenye pH hiyohiyo unaweza kutaka mara mbili na zaidi, kwa sababu mfinyanzi umeficha tindikali nyingi mgongoni mwake.

Majibu mengi ya huku yataangukia kwenye tani moja hadi mbili kwa ekari. Msiogope neno tani. Ni mifuko ishirini ya kilo 50. Pimeni mraba wa mita kumi kwa kumi, mwage nusu mfuko, mkiutandaza vizuri mtakuwa mmetia tani moja kwa ekari. Asubuhi, kabla ya upepo, kitambaa mdomoni. Ukitandaza nusu kabla ya kulima na nusu baada ya kulima, kisha ukasawazisha, inachanganyika vizuri zaidi. Ikibaki juu kama unga kwenye meza haisaidii, maana haitembei yenyewe kwenda chini. Inafanya kazi palepale inapogusana na udongo, kwa hiyo jembe ndilo linaifikisha kwenye mizizi. Na inasubiri unyevu kama mbegu, ndiyo maana tunaongea Septemba. Ikiwa imeshafukiwa, mvua ya kwanza itaikuta kazini.

Usiichanganye na SA, urea, DAP wala samadi mbichi siku moja. Ukisikia harufu kali ya kuchoma pua, ile ni amonia, ni naitrojeni uliyoilipia inaaga. Acha wiki kadhaa katikati. Mwaka wa kwanza utaona mabadiliko, wa pili utaona zaidi, na kwa kawaida itakaa miaka minne mitano ndipo upime tena. Chokaa pia si chakula. Atakayetia chokaa akaacha mbolea na samadi atavuna vizuri mwaka mmoja, halafu atavuna mifupa.

Sasa gharama. Kwenye chokaa, jiwe ni rahisi na gari ndilo ghali. Mawe yapo, Songwe wanachimba mawe ya chokaa hadi yanalisha kiwanda cha saruji, lakini kutoka kule hadi hapa ni zaidi ya kilomita 200, na mwisho kuna ile barabara yenu ya udongo ambayo Mheshimiwa Diwani anaifahamu. Mfuko wa mbolea ukisafirishwa, mmoja unatosha mstari mrefu. Chokaa inasafirishwa kwa tani. Mkulima mmoja akienda peke yake na bodaboda atakata tamaa siku hiyohiyo. Ishirini wakijaza Fuso, nauli inagawanyika. Chama cha ushirika kiko hapa, kina mzani na kina ghala ambalo Septemba ni tupu. Kazi ya ghala tupu ni nini?

Asiye na fedha ya mifuko ishirini, atie robo ekari kwa ukamilifu mwaka huu, mifuko mitano, na robo nyingine mwakani. Kuna wanaoshauri kuweka konzi kwenye kila shimo la kupandia. Inausaidia mhindi wa mwaka huo, sikatai, na kwa mtu asiye na kitu ni bora kuliko kukosa. Ila mzizi ukitoka kwenye shimo unakutana na alumini ileile. Mimi napenda robo ekari iliyopona, kwa sababu utaiona kwa macho ukisimama barabarani, na mume aliyekuwa anabisha ataiona pia.

Akina mama wamenong'ona hapo. Najua wanachonong'ona. Wengi wenu mnalima mashamba ya kukodi, kwa msimu mmoja mmoja. Nani mwenye akili atie mifuko ishirini ya chokaa itakayofanya kazi miaka minne, wakati mwenye shamba akiona mahindi yamestawi atasema mwakani nalima mwenyewe? Nimeliona hilo likitokea. Mama mmoja, kata ya jirani, alifukia chokaa kwa mikono yake na watoto wake, akavuna mara moja, shamba likachukuliwa. Hakutia tena mahali popote, na simlaumu. Hapa ndipo utaalamu wangu unapoishia na kazi ya Mwenyekiti na Mtendaji inapoanzia. Mkataba wa kukodi wa misimu minne, ulioandikwa ofisini, unaotaja idadi ya mifuko na nani anamrudishia nani akivunja, ni karatasi moja. Bila karatasi hiyo chokaa itabaki kuwa ya wenye mashamba, na wenye mashamba wengi wako mjini.

Mzee wangu pale kivulini amenyoosha fimbo muda mrefu. Nimemsikia, naomba nirudie kwa sauti ili wote wasikie. Anasema: "Bwana shamba, ulikuja na baiskeli ukasema SA. Leo umekuja na mkongojo unasema chokaa. Watoto wangu watakuja kuambiwa nini na atakayekuja na pikipiki?"

Mzee, sina jibu la kukupiga chenga. Niliamini nilichokileta, na ulivuna, unakumbuka. Kosa langu ni kwamba sikuwahi kurudi kuchimba shimo kuona ulichobakiwa nacho baada ya kuvuna. Nilipima magunia. Miaka yote ile, sikupima udongo wa shamba lako hata mara moja. Kwa hiyo leo usiniamini. Chagua kona ya shamba lako uliyokata tamaa nayo kabisa, ile unayosema imelogwa. Tutachukua sampuli, majibu yakija yatasomwa hapahapa chini ya mti huu, si ofisini. Yakisema haina uchachu, hununui kitu, na mimi nitakuwa nimekosea mara ya pili mbele ya watu.

Anasema kona hiyo ipo, ng'ambo ya kijito, juu ya vinyungu, zile bustani za bondeni. Anasema tangu mwaka alioolewa binti yake wa pili haijatoa hata gunia. Mheshimiwa Diwani, naomba ruhusa tuhamishie mkutano huko. Ndoo ninayo moja, nahitaji ya pili na jembe lenye mpini imara. Vijana wa nyuma, gari lenu ndilo hili limefika, mtangulie na majembe. Mzee atatuonyesha njia, mimi nitakuja nyuma polepole na mkongojo wangu.